Hela ya Mama Courage

Mikate hamsini ndiyo iliyompa jina. Anna Fierling ni mchuuzi anayefuata majeshi na gari lake la turubai, na wakati mmoja alilipitisha gari hilo katikati ya mizinga iliyokuwa ikiupiga mji wa Riga. Tangu hapo watu wakamwita Courage, yaani Ujasiri. Mwenyewe hajisifu hata kidogo. Mikate ilikuwa imeanza kuota ukungu, anaeleza, asingepita, angefilisika.

Hayo yamo kwenye kurasa za mwanzo kabisa za tamthilia ya Bertolt Brecht, Mama Courage na Watoto Wake, na wengi wetu tunayapita kama abiria anavyopita kibao cha kijiji asichoshuka. Mimi nilipita. Nilipoisoma mara ya kwanza, nikiwa mwanafunzi, nililia mara mbili, nikaandika insha ndefu kuhusu uchungu wa mama, nikapewa alama za kunistiri tu. Chini kabisa mwalimu wangu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Umehesabu watoto waliokufa. Sasa hesabu mauzo." Nilimnunia muhula mzima. Leo nafundisha mimi, na maneno yale nimeyaandika kwenye insha za vijana mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Kwa asiyeifahamu, kisa ni hiki. Tuko Ulaya ya karne ya 17, ndani ya Vita vya Miaka Thelathini, vilivyoanza 1618 na kumalizika 1648, Waprotestanti na Wakatoliki wakichinjana kwa jina la Mungu huku wafalme wakigombea ardhi. Courage ana watoto watatu, kila mmoja na baba yake: Eilif shupavu, Schweizerkas mwaminifu, na Kattrin ambaye ni bubu kwa sababu askari alimtia kitu kinywani alipokuwa mdogo. Vijana wawili wa kiume ndio farasi wa gari. Tamthilia ina matukio 12, inaanza 1624 na kuishia 1636, kwa hiyo pazia linapofungwa vita bado vina miaka 12 mbele yake. Kufikia hapo watoto wote wamekufa, na mama anavuta gari peke yake akiwakimbilia askari wanaopita ili biashara isimwache nyuma.

Ukiisimulia hivyo, huwezi kumlaumu anayeifundisha kama hadithi ya huzuni: vita ni vibaya, mama ameumia, tuombe amani. Sina ugomvi na amani. Lakini hakuna anayehitaji matukio 12, na nyimbo juu yake, ili aambiwe kwamba vita ni vibaya. Hilo hata mpiganaji analijua. Kwangu mimi tamthilia hii isomwe kama daftari la duka. Shika penseli, pigia mstari kila bei, kila sarafu, kila mahali mtu anapopatana, kisha pembeni andika mtoto yupi alikuwa wapi saa hiyo.

Msomaji wa Kiswahili hapo ana bahati ambayo Mwingereza hana. Katika tukio la pili Courage anamwuzia mpishi wa jenerali jogoo aliyehasiwa, na bei anayoanzia ni heller sitini. Heller ndiyo hela. Mwaka 1904 Wajerumani waliipanga upya rupia ya koloni lao la Afrika Mashariki, iwe na heller 100 badala ya pesa 64 za awali, na sarafu ilipoingia mifukoni jina lake likaingia vinywani. Mwaka 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimeifungia koloni njia ya bahari, walipiga heller 20 za dharura kwenye karakana ya reli ya Tabora. Sarafu zimekwisha, neno lipo. Kwenye misafara ya jeshi lile la Lettow-Vorbeck, kamanda wao, walikuwemo pia wanawake na watoto wa askari, wakitembea nyuma ya bunduki na mizigo, na upande wa pili Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, kilichotuachia jina la Kariakoo. Basi kijana aliyekulia Kariakoo anapomsikia Courage akipatana bei ya jogoo, anasikia mtaa wake. Kila mwaka yupo mmoja anayeinua uso hapo, kana kwamba ameitwa.

Tuanze na Eilif. Tukio la kwanza lipo Dalarna, Sweden. Sajini na mwandikishaji wanatafuta vijana wa kupeleka vitani Poland. Courage si mjinga, anajua wamekuja kutafuta nini. Anawatolea kisu. Kisha anachukua vikaratasi, anachora msalaba mweusi, anampigisha sajini kura ya kifo, na akiona haitoshi anawapigisha na wanawe wenyewe ili waogope jeshi. Yote hayo yanakaribia kufaulu. Ndipo sajini anapokumbuka kwamba anataka kununua bizimu ya mkanda. Mama anamvuta nyuma ya gari, kwenye kinga ya upepo, bei inaanza kupanda na kushuka, na huku mbele mwandikishaji ameshamweka Eilif mkono begani. Kattrin anaona. Anapiga kelele za bubu. Mama anamjibu: subiri kidogo Kattrin, afande bado analipa. Sarafu anaiuma kwa jino ili ajue kama si bandia, na kweli si bandia. Eilif ameshaondoka.

Huo ni mstari mmoja wa daftari: bizimu moja, mtoto mmoja.

Mstari wa pili ni mrefu, na kama una saa mbili tu za kufundisha tamthilia hii, zitumie zote hapa. Schweizerkas, ambaye jina lake ni la utani tu, jibini la Uswisi, hana akili nyingi ila ni mwaminifu, na kwa uaminifu huo amekabidhiwa sanduku la mishahara ya kikosi. Wakatoliki wanavamia ghafla. Kijana anataka kuliokoa sanduku la watu, anakamatwa, hukumu ni kifo. Kuna njia ya kumtoa kwa hongo ya gulden 200. Courage hana fedha hizo, lakini ana gari, na Yvette, malaya wa kambini aliyejipatia kanali mzee, yuko tayari kulichukua rehani. Hesabu ya kwanza ya mama ni safi: nitachukua 200, nimtoe mwanangu, kisha sanduku la kikosi litanisaidia kulikomboa gari. Halafu anaambiwa kwamba kijana amelitupa sanduku mtoni.

Hapo ndipo hesabu inapogeuka. Bila sanduku gari halikomboleki, na bila gari yeye na Kattrin wataishi vipi? Anamwambia Yvette akawape 120. Yvette anakimbia, anarudi akihema: wamekataa, wana haraka. Pembeni kasisi wa jeshi na Kattrin wanasugua vyombo. Mama anafikiri, na sisi tunamwangalia akifikiri, na muda huo wa kufikiri unauzwa kwa sekunde. Mwisho anasema haya, nenda kawaambie 200. Yvette anakimbia tena. Kisha Courage anatamka, kama anayejisemea, kwamba anadhani amepatana bei muda mrefu mno. Ngoma zinasikika kwa mbali.

Maiti inaletwa kwake ili wajue kama anamfahamu. Akikiri, naye kwisha. Anatikisa kichwa. Wanafunua tena, anatikisa tena, na mwili unakwenda kutupwa kwenye shimo la mizoga kwa sababu hauna mwenyewe.

Darasani nauliza nani aliyemwua. Majibu ya kwanza huwa rahisi: Wakatoliki, vita, tamaa. Kisha mwaka mmoja binti ambaye mama yake anauza mchele sokoni alisimama akamtetea Courage kwa ukali uliotushtua. "Mtaji ukiisha, mwalimu, na wa pili anakufa. Nyie mnataka auze gari lote, halafu?" Hakuna aliyemjibu, na mimi sikuwa na jibu. Binti alikuwa ameiona tamthilia kwa usahihi kuliko insha yangu ya zamani. Kila hatua ya hesabu ya Courage inakubalika ukiikagua peke yake. Yeyote aliyewahi kuendesha genge la nyanya angeifanya. Ni jumla ya chini tu inayotoka maiti.

Kuna tukio fupi baada ya hapo ambalo wasomaji hulipuuza. Courage amekwenda kwa nahodha kulalamika: askari wamemharibia bidhaa na kumtoza faini. Anamkuta kijana askari, naye amekuja kulalamika, anafoka, anataka haki yake leo hii. Courage anamwuliza swali ambalo ningependa libandikwe kwenye mlango wa kila ofisi yenye foleni: hasira yako ni ndefu au fupi? Kwa sababu fupi haina faida, utakaa hapa mpaka iishe, na wakubwa wanajua hivyo. Anamwimbia wimbo wa kusalimu amri. Kijana anaondoka. Kisha zamu ya Courage inafika na karani anamwita. Anasema amebadili mawazo, halalamiki tena. Amejishawishi mwenyewe.

Matukio ya sita na saba yasomwe kwa pumzi moja. Mwaka ni 1632, jenerali Tilly anazikwa, na Courage anamwuliza kasisi swali la kibiashara: vita vitaendelea au niache kununua mzigo? Kasisi anamhakikishia kwamba vita havina mwisho, hupumzika tu. Basi mama ananunua, na anamtuma Kattrin mjini kuleta bidhaa. Binti anarudi amekatwa usoni, jeraha la maisha, na kwa mara ya kwanza mama anasema vita na vilaaniwe. Wanafunzi hupigia mstari hapo wakifurahi kwamba amezinduka. Nawaambia wafungue ukurasa unaofuata. Courage yuko barabarani, gari limejaa bidhaa mpya, shingoni ana mkufu wa sarafu za fedha, anasema hatakubali mtu amchafulie vita. Ukiwa ukumbini, kati ya laana na mkufu ni sekunde chache za kubadili jukwaa.

Halafu amani inakuja na kumtia hasara. Kwa Kijerumani Brecht anatumia kitenzi kilekile kinachotumika vita vinapolipuka: amani imelipuka. Mama anakimbilia mjini kuuza mzigo kabla bei haijaanguka. Akiwa huko Eilif analetwa kwa minyororo kumuaga, maana amevunja nyumba ya mkulima na kumwua mkewe, jambo lilelile ambalo wakati wa vita lilimpa nafasi ya kula mezani kwa jenerali. Mama hayupo. Anarudi na habari njema kwamba vita vimeanza tena, na mpishi, aliyemwona Eilif akipelekwa, hamwambii yaliyompata. Courage hatajua kamwe. Mpaka ukurasa wa mwisho anaamini ana mtoto mmoja aliyebaki.

Brecht mwenyewe aligundua mapema jinsi ilivyo rahisi kuipita hesabu hii. Tamthilia ilionyeshwa mara ya kwanza Zürich tarehe 19 Aprili 1941, Therese Giehse akiwa Courage, wakati mwandishi yuko Finland akisubiri ruhusa ya kuingia Marekani. Magazeti yalisifu. Yalimfananisha Courage na Niobe, yule mama wa hadithi za Wagiriki aliyeuawa watoto wote akalia hadi akageuka jiwe, na yakashangilia nguvu ya kimama isiyoshindwa. Kwa mwandishi mwingine hizo ni sifa. Brecht aliziona ni ajali, akarudi kwenye maandishi yake na patasi. Ile bizimu ya mkanda katika tukio la kwanza ni sehemu ya marekebisho hayo: alitaka tuone wazi kwamba ni mauzo yaliyomgeuza mama uso. Katika tukio la tano, baada ya mji wa Magdeburg kuteketezwa mwaka 1631, majeruhi wanahitaji vitambaa vya kufungia vidonda na Courage ana mashati ya maofisa. Katika toleo la awali aliyatoa. Katika toleo jipya anakataa katakata, na kasisi analazimika kumnyanyua mlangoni mwa gari na kuyachukua kwa nguvu.

Kisha Berlin, tarehe 11 Januari 1949, ukumbi wa Deutsches Theater, mji bado kifusi na nusu yake ya magharibi imezingirwa. Helene Weigel, mke wa Brecht, ndiye Courage. Mwanga mweupe mkali, hakuna machweo ya kutia huzuni. Kabla ya kila tukio maandishi yanakutangulizia kitakachotokea, ili usikae ukijiuliza atakufa au hatakufa bali ujiulize anakufaje na kwa nini. Jukwaa linazunguka, gari linatembea, na halifiki popote. Milio ya risasi zilizomwua Schweizerkas iliposikika, Weigel alirudisha kichwa nyuma, akaachama kinywa chote kama anayepiga ukelele, na hakutoa sauti. Waliokuwepo waliukumbuka ukelele huo maisha yao yote. Mimi navutiwa zaidi na kitu kidogo alichokifanya katika tukio la mwisho. Amewapa wakulima fedha za kumzika Kattrin, anazihesabu kutoka kwenye mkoba wa ngozi, anazitazama, kisha anachukua sarafu moja na kuirudisha mkobani.

Watu walilia hata hivyo. Walikuwa wametoka vitani miaka minne tu iliyopita, kila mmoja na Schweizerkas wake. Mwandishi mwenzake, Friedrich Wolf, alimwuliza kwa nini basi asimfanye Courage aseme mwishoni kwamba amejifunza. Brecht alikataa. Aliyeandikiwa tamthilia ni mtazamaji, na mtazamaji anaweza kujifunza hata kama Courage hajifunzi. Sungura wa maabara, alisema kwingineko, hatoki kwenye jaribio akijua baiolojia.

Ninakubaliana naye juu ya mwisho, ila juu ya machozi hapana. Kuna kizazi cha walimu, na mimi nilikuwemo, kilichowakataza wanafunzi kulia kwa sababu nadharia ya Brecht ya tamthilia ya epiki inataka mtazamaji baridi, mwenye sigara mkononi, anayepima hoja. Tuliwafanya vijana waone aibu kwa jambo la kawaida. Machozi hayaharibu hesabu. Kinachoiharibu ni kulia halafu ufunge kitabu. Ningependa mwanafunzi alie kwa Schweizerkas, apenge kamasi, kisha anionyeshe 200 zilivyogeuka 120.

Tuangalie pia iliandikwa wapi, maana jambo hili linabadilisha usomaji. Brecht alikimbia Ujerumani tarehe 28 Februari 1933, siku moja baada ya jengo la bunge kuungua. Baada ya miaka ya Denmark akahamia Sweden, na huko, vuli ya 1939, Hitler akiwa ameshaivamia Poland, aliandika tamthilia inayoanza na Waswidi wakiandikisha vijana wa vita vya Poland. Sweden haikuingia vitani. Chuma chake ghafi kiliingia. Kiliendelea kusafirishwa kwenda Ujerumani. Kwa maneno mengine wenyeji wa Brecht, watu wapole waliompa hifadhi, walikuwa na gari la turubai. Baadaye alieleza kwamba alitarajia onyo lake lisikike kwenye majukwaa ya miji kadhaa: anayetaka kula na shetani awe na kijiko kirefu. Halikusikika kwa wakati. Waandishi hawawezi kuandika kwa kasi ambayo serikali huanzisha vita, alisema, kwa sababu kuandika kunataka kufikiri.

Nasi tukizungumzia vita kwa Kiswahili tunakimbilia tembo na nyasi: wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Ni methali nzuri kwa asiye na lake vitani, na ndiyo inayowapoteza wanafunzi wangu, kwa kuwa Courage si nyasi. Hakukanyagwa akiwa amelala kwake. Amewafuata tembo kwa miaka 12 akiwauzia mikanda. Methali inayomfaa ni ile nyingine, vita vya panzi furaha ya kunguru, na msiba wake ni kudhani kwamba yeye ni kunguru. Kasisi humwita fisi wa uwanja wa vita, jina kali, na lenyewe limempandisha cheo. Ni panzi aliyejibandika manyoya meusi.

Kunguru halisi je? Hilo ndilo lalamiko ninaloliheshimu zaidi dhidi ya Brecht. Wafalme hawapandi jukwaani, wala wauzaji wa mizinga, wala wenye benki. Wote wako nje, tunasikia mazishi yao na ushindi wao, na mzigo wote wa lawama unaangukia kwa mama mwenye gari moja. Lakini Courage mwenyewe ndiye anayewataja. Ukiwasikiliza wakubwa, anasema, wanapigana kwa kumcha Mungu na kwa kila kilicho chema. Ukiangalia vizuri si wajinga hivyo, wanapigana kwa faida, na isingekuwa faida hata sisi wadogo tusingeshiriki. Sentensi hiyo ya mwisho, kuhusu sisi wadogo, ndiyo iliyomlazimu Brecht aweke gari katikati ya jukwaa. Wafalme hawakati tiketi za ukumbi.

Njia ya tamthilia hii kuja kwetu si ngeni. Ebrahim Hussein, mwandishi wa Kinjeketile, alifanya shahada yake ya uzamivu Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin Mashariki, umbali wa kutembea tu kutoka ukumbi wa kundi la Brecht na Weigel. Kampala wameigiza Courage kwa Kiluganda, Maama Nalukalala. Na mwaka 2004 Mmarekani Lynn Nottage alikuja Uganda kuwasikiliza wanawake waliokimbia mapigano ya mashariki ya Kongo, akiwa na wazo la kuitohoa tamthilia ya Brecht. Alichoandika kikawa kazi yake mwenyewe, Ruined, kuhusu Mama Nadi mwenye baa katika mji wa machimbo anayewauzia bia wapiganaji wa pande zote mradi waache risasi mlangoni. Ilipata Tuzo ya Pulitzer mwaka 2009. Mwisho wake una joto ambalo Brecht asingeliruhusu. Nilimlaumu Nottage kwa hilo zamani, siku hizi simlaumu: Brecht aliandika kuhusu wafu wa miaka 300 iliyopita, naye Nottage aliwasikiliza watu walio hai.

Amebaki Kattrin, ambaye hayumo kwenye daftari. Ni Januari 1636, nje ya mji wa Halle. Mama yuko mjini kununua bidhaa, kwa kuwa wafanyabiashara wanakimbia na wanauza kwa bei ya kutupa. Usiku askari wa Kikatoliki wanafika kwenye nyumba ya wakulima, wanatafuta njia ya kuuvamia mji wenyeji wakiwa bado wamelala. Wakulima wanapiga magoti na kusali, na katika sala wanataja watoto wa shemeji yao walioko mjini. Kattrin anasikia neno watoto. Anachukua ngoma garini, anapanda juu ya paa, anavuta ngazi.

Anapiga. Askari wanamwambia wataacha mama yake salama akishuka, anaendelea. Wanajaribu kufunika sauti kwa kelele za kukata kuni. Kisha wanatishia kulivunja gari, na mkulima anapewa gogo aligonge. Kattrin analitazama gari, anatoa sauti ya uchungu, na anaendelea kupiga. Hapo huwa nasimamisha usomaji. Ni gari lilelile ambalo kwa ajili yake 200 zilipunguzwa kuwa 120, na bubu huyu amelipima kwa muda wa mapigo mawili tu ya ngoma. Wanamleta mwenye bunduki, wanampiga risasi. Ngoma inanyamaza, na kwa mbali mizinga ya mji inaitikia: wameamka.

Mama anarudi asubuhi, anamwimbia maiti wimbo wa kubembeleza mtoto alale. Mkulima anamwambia kwamba asingekwenda mjini kutafuta faida yake, pengine hili lisingetokea. Courage hajibu hilo. Anawalipa wamzike, anajifunga kamba za gari. Linavutika, anasema, halina mengi ndani.

Mwaka jana tuliigiza tukio hili darasani bila vifaa, viti viwili vikiwa gari na khanga ikiwa maiti. Aliyecheza Courage alikuwa kijana mkimya ambaye hajawahi kusikia habari za Weigel, maana kitabu chenye picha za maonyesho yale nilikuwa sijakifungua bado. Hatukuwa na fedha za kuigizia, akatumia za mfukoni mwake. Alimhesabia mkulima sarafu kwenye kiganja, mia mbili, mia mbili, mia. Akazitazama. Akachukua moja akairudisha mfukoni.

Baada ya darasa nilimwuliza kwa nini ameirudisha.

"Nauli, mwalimu."